Skrini za urambazaji katika mashua ya matanga: namna ya kuzichagua na kuzitumia

Mtu anayetafuta skrini ya urambazaji kwa ajili ya mashua ya matanga kwa kawaida huanza na ukubwa wa kioo, kisha huuliza ramani zilizomo, na mwisho kabisa, akikumbuka, hufikiria ataifunga wapi. Ningemshauri aupindue mpangilio huo. Skrini ya inchi 7 inayosomeka kutoka mahali anapokaa mshika usukani, jua likiwa la utosi au usiku macho yakiwa yamekwisha kuzoea giza, ina manufaa kuliko ya inchi 12 iliyoko mahali ambapo saa ya shida hakuna anayeweza kuitazama.

Nasema hivi kwa sababu nimeyapitia. Nilisafiri katika mashua iliyokuwa na kioo kikubwa kizuri juu ya meza ya ramani, chumbani, na nje hapakuwa na kitu ila dira. Usiku tulipoingia mlango mwembamba kati ya mafungu mawili, yaani miinuko iliyo chini ya maji, mwenzangu alibaki chini akinisomea kina na mwelekeo kwa sauti, nami nikiwa juu nimeshika kana (mpini wa usukani), upepo ukichukua nusu ya maneno yake. Aliposema "kushoto kidogo, kisha nyoosha," mimi nilisikia "kushoto" tu. Tulipita salama kwa sababu yeye alikuwa mwepesi wa kurudia, lakini asubuhi yake, kabla ya chai, nilikuwa nimeshika utepe wa kupimia nikitafuta urefu wa kebo ya kupeleka skrini nje.

Mahali pa kuifunga

Mshika usukani wa mashua ya matanga hakai mahali pamoja. Hukaa joshini, upande unakotoka upepo, chombo kikilala, huhamia demani, upande wa pili, akitaka kulitazama tanga la mbele, na mara nyingine husimama katikati. Kwa hiyo skrini hutazamwa kwa pembe kali, na vioo vya bei ya chini hubadilika rangi au hufifia vikitazamwa kwa upande. Unaponunua, usiitazame skrini ukiwa umesimama mbele yake tu. Sogea kando mpaka pembe iwe kali sana, inama, simama, na uone kama rangi za kina kifupi na kina kirefu bado zinatofautiana.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, kata boksi gumu kwa vipimo kamili vya kifaa pamoja na fremu yake, uliandike namba kubwa za kina na mwendo kwa ukubwa utakaoonekana kwenye skrini, kisha ulibandike kwa gundi ya karatasi pale unapopakusudia na usafiri nalo siku nzima. Katika siku hiyo utagundua mambo ambayo mchoro hauwezi kukuambia: kwamba goti lako linagonga pale kila unapobisha (unapokwenda mshazari kuukabili upepo), kwamba kamba ya tanga hupita juu yake na kunasa kwenye kona, au kwamba mtu akiketi mlangoni mwa chumba huifunika kabisa. Mkono wa kukunjika unaofungwa kando ya mlango wa chumba, wenye kuiwezesha skrini igeuzwe nje au ndani, ni suluhisho jema kwa mashua ndogo, ilmradi bawaba yake iwe imara kiasi cha kuhimili mtu anayeishika kwa bahati mbaya chombo kinapoyumba.

Usisahau dira ya sumaku. Skrini, spika na hata baadhi ya vishikizo vina sumaku au mkondo wa umeme unaoweza kuivuta sindano. Kitabu cha kifaa hutaja umbali salama wa kukaa mbali na dira, na jaribio lake ni rahisi: mashua ikiwa imefungwa gatini, washa skrini, mwambie mwenzako aisogeze polepole kuelekea mahali pake huku wewe ukiitazama dira. Ikisogea hata digrii mbili, tafuta mahali pengine.

Mwanga, maji na vidole

Kipimo cha mwangaza wa skrini ni niti, yaani kandela kwa kila mita moja ya mraba. Kompyuta nyingi za kawaida huwa na niti 300 hivi, kiasi kinachotosha ofisini na ambacho baharini huonekana kama kioo cheusi chenye sura yako ndani yake. Kwa matumizi ya nje tafuta skrini yenye niti 1,000 au zaidi, na ambayo kioo cha juu kimegandishwa moja kwa moja na paneli ya picha bila nafasi ya hewa katikati, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo inayozalisha mng'ao wa pili na ukungu wa unyevu.

Vaa miwani yako ya jua unapochagua. Miwani inayochuja mwanga unaorudishwa na maji inaweza kuifanya skrini fulani iwe nyeusi tititi ikitazamwa katika pembe moja, ilhali ukiinamisha kichwa tu picha inarudi. Nimemwona nahodha akikagua fyuzi na kung'oa plagi kwa robo saa, akiamini skrini imekufa, kumbe dawa ilikuwa kuvua miwani.

Kuhusu kugusa au kubonyeza, msimamo wangu ni kwamba mashua ya matanga inahitaji vitufe. Skrini ya kugusa ni nyepesi mno kutumia bandarini, hasa kupanga njia na kuandika majina ya vituo, lakini tone la mvua au chumvi ya wimbi huweza kuigusa nalo, na ramani ikaanza kujivuta yenyewe wakati mkono wako mmoja umeshika kana na mwingine umeshika kamba. Kifaa chenye vyote viwili, kioo cha kugusa pamoja na kitufe cha kuzungusha na vitufe vichache vya pembeni, ndicho ningekichukua hata kama kioo chake ni kidogo kwa inchi moja. Kama umeshanunua cha kugusa tu, jifunze namna ya kukifunga kisipokee mguso, nawe ufanye hivyo kila maji yanapoanza kurukia sitahani.

Kwa upande wa maji, alama ya IPX7 maana yake kifaa kimejaribiwa kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30, na IPX6 ni mapigo makali ya maji. Alama hizo hazisemi lolote kuhusu plagi zilizo nyuma, ambazo ndizo huoza kwanza. Zipake grisi ya umeme, na kila shimo la plagi lisilotumika liwe na kifuniko chake. Kioo chenyewe kioshwe kwa maji baridi kwanza ili chumvi iyeyuke, ndipo kipanguswe kwa kitambaa laini. Ukikipangusa kikavu, chembe za chumvi hukikwaruza na kuondoa tabaka linalopunguza mng'ao.

Umeme na mtandao wa vifaa

Hesabu ya umeme ni fupi lakini wengi huikwepa. Skrini inayotumia ampea 1.5 itakula ampea-saa 36 kwa siku nzima ya saa 24. Betri ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo skrini moja peke yake imekwisha kuchukua zaidi ya theluthi mbili za akiba yako halali, kabla hujahesabu taa, redio na usukani wa kujiendesha. Kupunguza mwangaza usiku huokoa betri kama vile kunavyookoa macho. Mpe kila kifaa fyuzi yake ya ukubwa ulioandikwa kitabuni, na nyaya ziwe nene za kutosha, kwani skrini nyingi hujizima zenyewe volti zinaposhuka ghafla, na volti hushuka ghafla hasa pale unapowasha injini kwa haraka kwa sababu kuna hatari mbele.

Vifaa vya kisasa huzungumza kupitia mfumo wa NMEA 2000: kebo moja kuu inayopita ndani ya chombo, viungo vya umbo la T, na matawi mafupi yasiyozidi mita 6 kila moja. Katika kila ncha ya kebo kuu panapaswa kuwa na kizibo chenye ukinzani wa omu 120, viwili tu, si kimoja wala vitatu. Data zikianza kukatika ovyo, namba za upepo zikatoweka na kurudi, usikimbilie kununua kihisi kipya. Zima umeme wa mtandao, chukua mita, upime ukinzani kati ya nyaya mbili za data: ikisoma karibu omu 60, vizibo vyote viwili viko sawa, ikisoma 120, kimoja kimelegea au kimekatika, ikisoma karibu 40, kuna aliyeongeza cha tatu. Kipimo hicho cha dakika tano kimeniokolea siku nzima zaidi ya mara moja. Mfumo wa zamani wa NMEA 0183 bado hufanya kazi vizuri katika mashua nyingi, na vifaa vya kutafsiri kati ya mifumo hiyo miwili vinapatikana. Hakuna haja ya kung'oa kipima kina kizuri kwa sababu tu ni cha zamani.

Kishikwambi au simu yenye programu ya ramani ni akiba nzuri sana, na kwa safari fupi za karibu na pwani inaweza hata kutosha. Kasoro zake zijulikane mapema. Hupata joto juani na kujizima, kioo chake hung'aa, na baadhi ya vishikwambi vinavyotumia Wi-Fi pekee havina kipokezi cha setilaiti ndani yake, jambo ambalo mwenyewe huligundua akiwa ameshauacha mtandao wa pwani. Pakua ramani zote ungali bandarini, kisha zima intaneti na uone kama bado zinafunguka na kukuonyesha mahali ulipo.

Ramani iliyo nyuma ya kioo

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Ramani nyingi za skrini leo ni za vekta: si picha ya karatasi bali hazina ya taarifa, na kifaa huamua kipi kikuonyeshe kulingana na kiasi ulichokuza na tabaka ulizowasha. Ukiitazama bahari pana, kifaa huficha vitu vidogo ili picha isijae. Kinachofichwa chaweza kuwa boya lisilokuhusu, na chaweza kuwa mwamba.

Tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya Team Vestas Wind, katika hatua ya pili ya mashindano ya Volvo Ocean Race kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, iliparamia usiku mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Morisi, ikiwa na mwendo wa karibu noti 19 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Mabaharia wote 9 waliokolewa. Walikuwa watu wa uzoefu mkubwa wenye vifaa bora, na mwamba ulikuwamo katika ramani zao za kielektroniki. Lakini walikuwa wamelitazama eneo lile kwa kipimo kipana ambacho hakikuudhihirisha, wala hawakulikuza vya kutosha kabla ya kulipita.

Kwa sababu hiyo, kila unapochora njia, irudie kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho ukiwa umeikuza ramani, ukisogea polepole juu ya mstari wote na kando zake, si juu ya vituo pekee. Ni kazi ya kuchosha. Njia ya maili 60 inaweza kukuchukua dakika 20 au zaidi, nami bado huifanya hata kwa njia niliyoipita mwaka jana, kwa kuwa huenda nimebadilisha kituo kimoja na mstari ukahama. Zana za kuchora njia zenyewe zilizomo katika vifaa vingi zichukuliwe kama pendekezo la mtu asiyeijua mashua yako, na pendekezo hilo lipite katika ukaguzi uleule.

Ukiwa umekuza, washa pia tabaka linaloonyesha ubora wa upimaji. Ramani rasmi za kielektroniki hugawa maeneo kwa madaraja: katika daraja la A1 mahali pa kitu panaaminika kwa mita 5, A2 kwa mita 20, B kwa mita 50, na C kwa mita 500, huku D ikiwa mbaya kuliko hapo. Sasa fikiri: kipokezi chako kinajua ulipo kwa tofauti ya mita chache, lakini fungu lililochorwa kutokana na upimaji wa kamba na risasi wa karne iliyopita huenda liko nusu kilomita kutoka pale linapoonekana. Chombo kidogo kinachosogea juu ya skrini kwa usahihi mkubwa humfanya mtu aiamini picha nzima kwa kiwango hichohicho. Katika eneo la daraja C usipite baina ya miamba kwa kutegemea kioo. Pita mchana, jua likiwa nyuma yako, mtu mmoja akiwa omo, mbele ya chombo, anatazama rangi ya maji.

Weka pia mstari wa kina salama. Ikiwa sehemu ya mashua yako iliyo ndani ya maji inashuka mita 1.8, ukaamua uwe mita 3, maeneo yote ya chini ya hapo yatapakwa rangi moja inayoonekana upesi. Kumbuka kwamba vina vya ramani huhesabiwa kutoka kiwango cha maji ya kupwa sana, na kwamba kipima kina chako hukupa maji yaliyopo sasa hivi, kwa hiyo namba hizo mbili hazitalingana isipokuwa umehesabu maji kujaa na kupwa.

Namba zinazostahili nafasi

Skrini inaweza kuonyesha namba thelathini kwa pamoja, na mtu mwenye usingizi saa tisa za usiku anaweza kuzisoma nne. Chagua hizo nne kwa kila hali ya safari na uziweke katika ukurasa wake: ukurasa wa kuingia bandarini, wa kubisha, wa safari ndefu.

Kina lazima kiwepo, na maana yake ijulikane na kila mtu chomboni. Tuseme kihisi kiko sentimita 40 chini ya usawa wa maji na mkuku, sehemu ya chini kabisa ya mashua, unafika mita 1.8. Kihisi kikisoma mita 3.0, kina halisi cha maji ni mita 3.4, na chini ya mkuku imebaki mita 1.6. Zote tatu ni namba za kweli, na kifaa kinaweza kuonyesha yoyote kati yake kulingana na ulivyokipanga. Mimi hupanga kina kutoka juu ya maji, kwa sababu ndicho kinacholinganishwa na ramani kwa urahisi. Wengine hupenda chini ya mkuku, ili sifuri imaanishe kugusa. Chagua moja, uiandike kwenye kibandiko kando ya skrini, na uihakiki ukiwa umetia nanga kwa kuteremsha kamba yenye uzito.

Namba ya pili inayohitaji uangalifu ni upepo. Kihisi cha juu ya mlingoti hupima upepo unaohisiwa chomboni, na kifaa hukokotoa upepo halisi kwa kuondoa mwendo wa mashua. Ukienda na upepo wa tezi, yaani wa nyuma, kwa noti 6 katika upepo halisi wa noti 18, utahisi noti 12 tu na kudhani mambo ni mepesi. Ukilazimika kugeuka ghafla kuukabili, upepo unaohisiwa utapita noti 20 papo hapo, na matanga yatakuwa makubwa kupita kiasi. Kwa hiyo unapokwenda na upepo onyesha upepo halisi, na uamue kupunguza tanga kwa namba hiyo. Kihisi nacho kirekebishwe: ukibisha katika upepo tulivu na maji yasiyo na mkondo, kikasoma digrii 32 upande mmoja na 38 upande wa pili huku matanga yamekazwa sawa, kimepinda kwa digrii 3.

La tatu ni tofauti kati ya mwelekeo wa omo na njia halisi juu ya ardhi. Washa mistari yote miwili juu ya ramani. Pembe baina yake ndiyo mkondo wa maji na msukumo wa upepo, na ni jambo ambalo zamani lilihitaji penseli na saa nzima ya kusubiri. Mstari wa njia upangie urefu wa dakika 6. Kwa mwendo wa noti 6 utafika maili 0.6 mbele, takriban mita 1,100, umbali unaokutosha kugeuka kama ncha yake imegusa rangi ya hatari.

Vyombo vingine na giza

Alama za AIS, mfumo wa redio ambao vyombo hutangaza mahali vilipo, juu ya ramani hukuambia meli ipo wapi, inaelekea wapi na mtapishana kwa umbali gani. Meli kubwa hurusha kwa wati 12.5, ilhali vifaa vingi vya mashua ndogo hurusha kwa wati 2 au 5, kwa hiyo utaiona meli mapema kuliko yenyewe itakavyokuona. Na ngalawa ya mvuvi isiyo na kifaa haitaonekana kabisa. Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 inadai ulinzi kwa macho na masikio wakati wote, pamoja na kila njia nyingine iliyopo.

Usiku punguza mwangaza mpaka skrini ionekane karibu haitoshi, kisha subiri dakika 20, utaona inatosha. Rangi za usiku zisiachwe mpaka mchana, kwa maana skrini iliyofifishwa haionekani kabisa juani, na kuitafuta menyu usiyoiona ni taabu. Kariri vitufe vya kurudisha mwangaza.

Mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa dhaifu sana, na katika maeneo kama Bahari ya Baltiki na mashariki mwa Mediterania yamekuwa yakizibwa au kughushiwa miaka ya karibuni. Andika katika kitabu cha safari, kila saa, mahali ulipo, mwelekeo na mwendo, ili skrini ikizimika uwe na pa kuanzia. Mimi kila safari, mchana na pwani ikionekana, hufunika skrini zote kwa nusu saa, nikapima kwa dira ya mkononi mwelekeo wa alama mbili au tatu za nchi kavu, nikachora mistari kwenye ramani ya karatasi, ndipo nikafunua. Tofauti ikizidi robo maili, siendelei na safari kama kawaida. Natafuta kosa liko wapi, katika mkono wangu, dira au kifaa, kabla jua halijazama.